Msaada: vyanzo vya utafiti mnavitunzaje visichanganyike?

Mtani wa Zuzu: Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, naanza kukusanya data za tasnifu ya uzamili kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ule wa 1947 hadi 1951. Nina mafaili ya kikoloni, makala za PDF, na wazee wa vijijini ambao wengine watazungumza Kigogo tupu. Msimamizi anataka kila dai lijulikane limetoka wapi. Mnatumia utaratibu gani? Bando langu ni la kubangaiza.

Chimwaga12: Weka Zotero, mkuu, programu ya kutunza na kupanga vyanzo. Ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, kwa hiyo PDF ziache kwenye kompyuta, nakala weka kwenye flashi. Ukiingiza makala, kagua mwaka na majina ya waandishi, isije ikawa imeyageuza.

Mzururaji: Daftari tu. Simu inazima chaji, daftari halizimi.

Chimwaga12: Likinyeshewa je?

Mzururaji: Dodoma hii?

Mama Masjala: Hiyo programu sawa, ila kwenye mafaili kazi inafanyika pale pale mezani. Picha ya kwanza piga gamba la faili, lenye kumbukumbu namba na kichwa chake. Kisha kila karatasi ipigwe pamoja na namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, ile ya kona ya juu. Watu hukata kona ili picha ipendeze, hapo hapo wamekata anwani. Na barua moja inaweza kuwa na nakala kwenye mafaili matatu, kila moja bosi wake kaandika lake pembeni. Taja uliyoishika wewe.

Binti Kibaigwa: Kwa wazee, kila mmoja mpe namba, mfano KNG-01, na namba hiyo hiyo ikae kwenye fomu ya ridhaa, faili la sauti na maandishi. Orodha ya majina halisi ifungie mbali. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukinukuu andika na dakika: KNG-01, 14:20. Kigogo chake kiache kando ya Kiswahili, na uonyeshe nani katafsiri. Halafu piga hesabu: aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1947 leo anakaribia tisini. Wengi watakupa ya baba zao, kwa hiyo weka safu ya "aliona" na ya "alisimuliwa". Hiyo mtahini ataiulizia.

Mtani wa Zuzu: Hiyo safu sikuwa nayo kabisa, asante dada. Mama, shikamoo. Kwenye chumba cha kusomea nyaraka wanaruhusu simu?

Mama Masjala: Marahaba mwanangu. Uliza mezani kabla hujaitoa. Wakikataa, tumia penseli, na uandike folio kwanza, maneno baadaye.