Familia ya Mzee Salum: dawa ya mafuta na usahaulifu

Shangazi Zuhura: Asalaam aleikum. Jamani, kaka hayuko sawa. Jana kamlipa fundi bomba asubuhi, jioni kamwita kamlipa tena. Na fundi kapokea, kanyamaza kimya!

Mama: Waaleikum salaam wifi. Ni tangu aanzishiwe dawa ile ya usiku ya kushusha mafuta kwenye damu. Karatasi yake imeandika kabisa, kupoteza kumbukumbu. Nimeisoma mwenyewe.

Idi: Basi aiache. Mafuta tutayashusha kwa limao na tangawizi.

Rehema: Kaka Idi weee! Baba kashapata kiharusi. Hiyo atorvastatini ndiyo inayomkinga na cha pili.

Mama: Kwa hiyo karatasi inadanganya?

Rehema: Hapana Mama. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iandikwe, maana wapo wagonjwa waliolalamika kusahau. Wachache, na kwa kawaida wakiacha dawa hali inarudi. Ila Uingereza walijaribu simvastatini, ndugu yake hiyo, kwa watu zaidi ya 20,000, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwenye akili hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo tusiikamate hiyo kwanza. Hebu piga picha dawa ZOTE, hata za dukani.

Mama: 📷 Picha

Rehema: Piritoni ya nini? Baba ana mafua?

Mama: Ya usingizi. Anameza mbili kila usiku, muuza duka kamzoesha. Hiyo amitriptilini ni ya miguu kuwaka moto.

Rehema: Yarabi. Hizo mbili pamoja kwa mzee wa miaka 74 zinatosha kumchanganya! Halafu ana metformini ya kisukari miaka mingi, nayo inaweza kushusha vitamini B12. Ikipungua, miguu inawaka na kumbukumbu inayumba. Mwambieni daktari apime B12 na tezi ya shingo. Tezi ikilegea mtu anasahau, na mafuta yanapanda.

Idi: Kumbe mafuta na kusahau vinaweza kuwa na baba mmoja 😅

Rehema: Ndiyo hivyo. Piritoni aiache leo. Nyingine asiguse. Daktari akiona inafaa, ataisimamisha ya mafuta kwa muda au atambadilishia aina.

Mama: Kliniki Alhamisi. Nani atamwambia anasahau? Mimi nikisema anakuja juu.

Shangazi Zuhura: Niachie mimi, nimemlea yule. Idi, wewe mfuate fundi arudishe hela. Na bomba lenyewe bado linavuja.