RS-485 yapoteza biti: PC817, 6N137 au aisoleta ya kidijitali?

Mlinda_Baridi
Salaam mafundi. Nina vipimajoto 6 kwenye vyumba vya samaki hapa Shimanzi, laini moja ya RS-485 (data kwa jozi ya nyaya), kama mita 80, lugha yao Modbus. Nimeitenga na kontrola kwa PC817 (optokapla: LED yamulika transista, umeme haugusani), risista ya kuvuta juu kilo-omu 4.7. Kwa biti 9600 kwa sekunde yaenda raha mustarehe. Kwa 19200 asubuhi sawa, adhuhuri makosa ya CRC (hesabu ya kukagua data) yaja kwa mafungu. Mmoja asema 6N137, optokapla ya kasi, mwingine aisoleta ya kidijitali, chipu ya kutenga isiyo na LED, wa tatu punguza risista tu. Nifuate nani?

Kapasita_Tupu
Pima kwanza. Biti ya 19200 ni mikrosekunde 52, na kipokezi huitazama katikati, kwenye 26. PC817 huwaka upesi lakini ni nzito kuzima, na 4.7k yazidi kuilemaza. Kuchelewa huko kukiwa mikrosekunde 24, wapita kwa bahati. Jua likipanda kukafika 28, moja yasomwa sifuri. Kwa 9600 katikati ni 52, ndio maana huoni tatizo.

Mkisauni
Weka 1k yaishe. Shilingi ngapi hiyo?

Kapasita_Tupu
Kwa volti 5 hiyo 1k yataka miliampea 5 upande wa transista. PC817 ya daraja la chini hupitisha nusu tu, kwa hiyo LED yataka 10. Pini ya kontrola yako itaziweza? Na LED hufifia kwa miaka.

Bi_Saketi
6N137 ina kasi ya kutosha, megabiti 10 kwa sekunde, lakini ina deko: lazima kapasita ya nanofaradi 100 ikae karibu nayo kabisa. Mimi niliiweka sentimita 4 mbali, nikalaumu kebo siku mbili nzima.
Aisoleta ya kidijitali ndiyo ningechagua, haina LED ya kuchoka. Ila usinunue ADuM1201, ina njia mbili tu, na wewe una ya tatu ya kuamuru transiva (chipu ya kutuma na kupokea) itume. Chukua ADuM1301.

Mzee_wa_Nyaya
Wanangu, mwagombania kipande cha plastiki. Mlinda, ule upande wa laini unakula umeme wapi? Ukiwa ni pawasaplai ile ile ya kontrola, hujatenga kitu. Na ukiwa umetenga kweli, je, kuna waya wa tatu unaounganisha graundi za vituo? Transiva ya kawaida huvumilia kutoka volti −7 hadi +12 dhidi ya graundi yake. Bila waya huo laini yaelea, siku kontakta (swichi kubwa ya kompresa) ikipiga waona maajabu.

Mlinda_Baridi
Shikamoo mzee. Pawasaplai ya laini ni nyingine kabisa, waya wa tatu haukuwepo, nimeuvuta.
Nimepima ile PC817 kwa osiloskopu ya kuazima, inavyochelewa kuzima: asubuhi mikrosekunde 23, saa saba mchana 29. Nimeweka ADuM1301, mchana kutwa 19200 kimya. Kompresa ikiwaka bado naona kosa moja moja.

Mzee_wa_Nyaya
Marahaba. Zima umeme, pima omu kati ya A na B, nyaya mbili za data.

Mlinda_Baridi
41.

Mzee_wa_Nyaya
Ingekuwa karibu 60. Una risista za kufunga laini za omu 120 tatu badala ya mbili, moja kila ncha. Tafuta iliyo katikati uing'oe, na skrubu zilizoota kijani kwa chumvi uzikwangue ukiwa hapo hapo.

Mlinda_Baridi
Ilikuwa ndani ya kituo cha 4. Sasa ni 61. Kompresa imewaka mara tisa, sijaona kosa.

Mkisauni
Hizo PC817 watupa? Nizipitie.