Acheni kugandisha mapambo kwenye kamera za filamu kwa gundi, mnaziua!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Hii tabia ya kubandika shanga, maua na vinyago kwenye kamera za zamani kwa supaglu inaua kamera nzima nzima, halafu wanaoifanya wanapigiwa makofi na kuitwa wabunifu.

Kabla hamjanirukia: mimi napenda mapambo, tena sana. Pentax K1000 yangu ina kofia ya lenzi niliyofuma kwa kroshia, sura ya bundi, macho yake vifungo vya shati. Na huyo bundi ana kazi. K1000 haina swichi ya kuzimia kipima mwanga. Kikiona mwanga tu kinakula betri, ukifunika lenzi kinatulia. Juu ya kitufe cha kupigia picha nimeweka uyoga mwekundu wenye madoa meupe, wa udongo wa kufinyangia, umekaa kwa skrubu kwenye tundu lile lile linaloingia waya wa kupigia picha bila kugusa kamera. Naufungua kwa vidole viwili. Bundi anavuliwa, uyoga unafunguliwa, kamera inabaki vile ilivyotoka kiwandani. Hivyo ndivyo pambo linavyotakiwa kuwa. Kupamba kamera kwa gundi ni sawa na kumvisha mtu kofia ukaipigilia misumari.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Nimenunua Olympus Trip 35, tangazo limeandikwa "imerembwa kwa mikono, inafanya kazi vizuri". Kwa wasioijua, Trip 35 ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 na haitumii betri hata moja. Ule mduara wenye vinundu vya plastiki angavu unaozunguka lenzi siyo urembo. Nyuma yake kuna seleni, inayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo, na umeme huo unasogeza sindano ndani ya kamera. Sindano ikishasimama, kamera yenyewe inaamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani na ipige kwa kasi ya 1/40 au 1/200. Mwanga ukiwa hautoshi, kibendera chekundu kinainuka kwenye kitundu cha kuchungulia na kitufe kinagoma. Ni akili ya ajabu iliyowekwa kwenye kamera ndogo kiasi kile, na inategemea ule mduara peke yake.

Mrembaji wetu ameuona ule mduara akaona sehemu nzuri ya kupanga shanga! Amezipanga za waridi na nyeupe, moja moja, kwa usafi wa kutisha, hakuacha hata upenyo. Nimeitoa juani saa sita mchana, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe, nikabonyeza. Kibendera chekundu. Nikaigeuza juu angani. Kibendera chekundu. Kamera inaamini ni usiku wa manane, na itaendelea kuamini hivyo maisha yake yote mpaka zile shanga zitoke.

Na hazitoki. Asetoni inalainisha supaglu, ndiyo, lakini inayeyusha na hiyo plastiki iliyo chini yake. Ukikwangua kwa kisu unachana vinundu. Gundi nyingine imechuruzika mpaka kwenye ringi ya kupimia umbali, ringi imeganda kwenye alama ya milima, yaani ya vitu vya mbali, kwa hiyo mtu akikaa mbele yako anatoka na ukungu. Kioo cha mbele cha lenzi nacho kina utando mweupe. Huo ni mvuke wa supaglu yenyewe: ikiwa inakauka inatoa mvuke unaokwenda kutua kwenye vitu vya jirani, na jirani wa kwanza hapo ni lenzi. Nikaigeuza chini nikakuta miguu ya paka ya kitambaa laini, minne, mmoja umekaa barabara juu ya kitufe cha kuachia filamu. Maana yake filamu ikiisha huwezi kuirudisha kwenye kopo lake.

Nimemwandikia muuzaji. Amenijibu kwamba ile ni ya kuwekwa kwenye kabati. Basi ungeandika hivyo kwenye tangazo, ndugu yangu! Umeandika inafanya kazi vizuri.

Na siyo Trip tu. Kuna mtindo wa kumwaga glita kwenye mgongo wa kamera. Mlango wa nyuma ukifunguliwa ili kuweka filamu, punje zinaingia ndani, na punje moja ikikaa kwenye njia ya filamu inachora mstari kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kuna wanaofunga utepe kwenye kirungu cha kurudishia filamu, hawajui kwamba kile kirungu kikizunguka unapovuta wenzo wa kusogezea filamu ndiyo habari pekee unayopata kwamba filamu imeshika na inasogea. Kwenye zile kamera zenye vidirisha mbele, mtu anabandika ua juu ya kidirisha kidogo kwa sababu "kimekaa katikati vizuri". Hicho ndicho kinacholeta taswira ya pili, ile unayoilinganisha na ya kwanza ili kulenga umbali. Kikizibwa, unabahatisha. Hata pambo la skrubu lina mipaka: kwenye Canon AE-1 kitufe kikibonyezwa nusu kipima mwanga kinawaka, kwa hiyo sanamu zito likilaliwa na vitu mkobani linamaliza betri kimyakimya, na AE-1 bila betri shata haifyatuki kabisa. Pambo la juu ya kitufe liwe jepesi, na ulitoe ukiiweka kamera kwenye mkoba.

Mnajibu nini kuhusu haya? "Ni kamera za zamani tu, zipo nyingi." Hazipo nyingi! Trip ya mwisho imetoka kiwandani 1984. Kila moja mnayoiziba imetoka kwenye hesabu.

Na nyie wazee wa "kamera ni chombo cha kazi, siyo mdoli", msikae pembeni mkichekelea. Kila anayeanza akiuliza namna ya kurembesha kamera yake mnamtukana, anaondoka, anakwenda kufundishwa na mtu mwenye bunduki ya gundi ya moto. Twiga wa kroshia aliyezungushwa kwenye shingo ya lenzi kwa lastiki anamfanya mtoto atulie na atazame pale unapotaka. Nimeona mtoto aliyekuwa analia akinyamaza kwa ajili ya twiga huyo. Mfundisheni mtu kuacha ringi za lenzi wazi na kutumia lastiki, mtakuwa mmeokoa kamera mbili: yake na ya atakayemwiga.

Ninachodai ni kidogo. Ukiuza kamera uliyoipamba, weka picha yake ikiwa na pambo na nyingine pambo likiwa limetolewa. Kama huwezi kulitoa, andika wazi kwamba haipigi picha tena. Na wewe unayefundisha wengine, kabla hujafungua chupa ya gundi sema kwa jina kila sehemu unayoifunika na kazi yake. Kama hujui kazi yake, usiifunike.

Halafu naomba msaada: kama kuna aliyewahi kutoa supaglu kwenye ule mduara wa Trip bila kuharibu plastiki, aseme hapa alitumia nini na aliacha kwa muda gani. Hii kamera sijakubali kuitupa.