Mshahara unakata tarehe 18 kila mwezi, mke wangu anasema ni chuma ulete (uchawi wa kuvuta hela za watu). Naombeni ushauri

Mpangaji_GMboto:
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 34, mke na mtoto mmoja. Tunaishi Gongo la Mboto, kazi yangu iko Posta. Baada ya makato yote, bodi ya mikopo ikiwemo, mkononi inaingia 920,000. Sinywi, sibeti, sina mchepuko (msicheke). Lakini kila mwezi ikifika tarehe 18 hivi naanza kukopa kwenye simu, na mshahara nikiuhamishia kwenye simu tu, cha kwanza kukatwa ni lile deni. Mwaka huu nilipanga kupata hata kakiwanja Chanika. Mpaka leo sina hata nauli ya kwenda kukaangalia.

Matumizi ya mwezi haya hapa:
Kodi 150,000 (nalipa miezi sita sita, kila mwezi naweka pembeni)
Chakula nyumbani, naacha 10,000 kila asubuhi: 300,000
Nauli, gari mbili kwenda mbili kurudi, 2,600 kwa siku: 57,000
Chakula cha mchana kazini 4,500: 99,000
Luku 40,000
Maji 15,000
Gesi, mtungi mdogo 25,000
Bando na vocha 20,000
Mama kijijini 50,000

Nibane wapi hapo?

DerevaMstaafu:
Mkuu, hapo hakuna cha kubana, kipato ndiyo kidogo. Tafuta bodaboda umpe kijana akuletee hesabu kila jioni.

Mama_Wawili:
Bodaboda ataipata wapi wakati anakopa hela ya unga? Mwacheni kwanza.

Kaka yangu, kosa lako ni hiyo 10,000 ya kila asubuhi. Hela ya siku inanunua vya siku. Shemeji anaenda genge: nyanya za 500, mafuta ya kupima, mchele nusu, mkaa wa kopo gesi ikiisha. Kila kitu anakinunua kwa bei ya juu kabisa ya mtaa, na chenji inaishia kwenye barafu za mtoto. Mpe ya wiki nzima kwa mkupuo, mwanzoni itamshinda, mvumilie. Mimi Jumamosi alfajiri nashuka Buguruni, nachukua nyanya, vitunguu na viazi vya wiki. Mchele na maharage nachukua vya mwezi. Maharage naloweka usiku kucha, nachemsha kilo mbili kwa mara moja, nagawa kwenye makopo naweka friza. Kama hamna friji, pika ya siku mbili tu, ila kuloweka usiache, maana maharage makavu ndiyo yanayomaliza huo mtungi wako mdogo.

Halafu 99,000 ya mama ntilie! Beba hotipoti.

Kijana_wa_Posta:
Mwanaume na hotipoti kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, umebanwa mpaka mchuzi unakumwagikia shati. Hapana jamani.

Mama_Wawili:
Beba kikavu. Nani kakwambia ubebe mchuzi?

Mzee_wa_Mita:
Luku 40,000 kwa familia ya watu watatu ni nyingi. Mita ni yenu peke yenu?

Mpangaji_GMboto:
Hapana mzee, wapangaji watatu mita moja. Tunachanga.

Mzee_wa_Mita:
Basi ndiyo hapo. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye bei ya chini, 100 kwa uniti kabla ya kodi. Wengine wanalipa 292. Ninyi mkijumlishwa watatu hiyo bei mtaisikia kwa majirani tu, na mwenye friji na pasi anachanga sawa na mwenye taa mbili. Muombe mwenye nyumba kila mpangaji awe na mita yake, au fungeni mita ndogo za ndani mjue nani anakula nini. Ukihama siku nyingine, uliza mita kabla ya kuuliza vigae.

Karani_Asiyelala:
Nimesoma ushauri wote ni mzuri, ila hamjajumlisha. Orodha yake yote ni 756,000. Yeye anapokea 920,000. Kuna 164,000 hajaiandika kabisa. Mkuu, hiyo ndiyo chuma ulete yako. Fungua miamala ya simu ya mwezi mzima, uiandike humu bila aibu, hapa hatujuani.

Mpangaji_GMboto:
Nimekaa na kalamu tangu magharibi. Mwezi uliopita:

Harusi ya mfanyakazi mwenzangu 50,000. Harusi ya binamu wa mke wangu, tuliahidi 100,000 tupate kadi ya watu wawili, nimelipa nusu. Kitchen party ya huyo huyo binamu 30,000. Rambirambi ofisini 10,000. Makato ya kutuma, kutoa na kukopa kwenye simu 19,000 na kidogo. Inabaki kama 5,000 sijui imekwenda wapi. Na kuna kitambaa cha sare 45,000 tumechukua kwa ahadi ya kulipa mwezi huu.

Wakuu, yule mfanyakazi mwenzangu hata jina la mchumba wake silijui.

Karani_Asiyelala:
Umeona? Umebana nyanya wakati hela inatokea mlango wa mbele imevaa suti. Panga fungu la michango, tuseme 30,000 kwa mwezi. Likiisha, anayekuja baadaye unampongeza kwa mdomo. Na kamati za WhatsApp, ukiongezwa bila kuulizwa, toka siku hiyo hiyo kabla hawajakuandikia ahadi.

DerevaMstaafu:
Na siku ukifiwa nani atakuja?

Mama_Wawili:
Msiba asibane, hapo niko na wewe baba. Nilipofiwa na mume wangu, majirani waliokuwa wanatoa 2,000 zao ndio walionipikia siku tatu. Kamati za harusi nilizochangia laki laki sikuziona. Abane harusi.

Mpangaji_GMboto:
Mrejesho baada ya wiki mbili. Hela ya chakula natoa kila Jumamosi, wiki ya kwanza iliisha Alhamisi, ya pili imefika. Hotipoti nabeba, kikavu. Mwenye nyumba kasema mita atafikiria.

Leo ni tarehe 19, sijakopa bado.

Jana nimempigia mweka hazina wa harusi ya binamu nikapunguza ahadi, ile 50,000 niliyolipa iishie hapo. Kanijibu vizuri tu, ila kadi imekuwa ya mtu mmoja. Mke wangu kasema ataenda yeye, kwa sababu binamu ni wake na kitambaa tayari kiko kwa fundi. Fundi naye anadai 25,000 ya kushona.