Zabuni ya programu ya zahanati: nidai chanzo huria au viwango huria?

Mtunza Rekodi, Kayole
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Zahanati yetu inatafuta programu ya rekodi za wagonjwa, nami nimepewa kazi ya kuandika masharti ya zabuni. Muuzaji mmoja anatuhakikishia kwamba, kwa kuwa programu yake ni ya chanzo huria, hatutakwama siku tukitaka kuhamisha data. Mwingine, ambaye msimbo wake (maandishi ya kiprogramu yanayoiendesha programu) ni siri, anasema anafuata viwango huria na hilo linatosha. Nikilazimika kudai moja tu, nidai lipi?

Fundi wa Seva
Hayo ni mambo mawili, ingawa mara nyingi huandamana. Chanzo huria ni suala la leseni: nani anaruhusiwa kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Kiwango huria ni maelezo yaliyochapishwa kuhusu namna data inavyopangwa au kupitishwa, ambayo yeyote anaweza kuyatekeleza. Tazama ODF, umbizo la hati (namna faili linavyopangwa) lililochipuka kutoka programu ya ofisi ya OpenOffice.org, likapitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005 na kuwa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2006. LibreOffice, programu ya ofisi ya chanzo huria, hulitumia, na Microsoft Office, ambayo msimbo wake umefungwa, nayo hulifungua na kulihifadhi. Kinyume chake, programu huria inaweza kuhifadhi data kwa mpangilio ambao hakuna programu nyingine inayouelewa. Ni kweli kwamba hapo mtaalamu anaweza kuusoma msimbo mpaka aung'amue mpangilio huo, lakini zahanati ya Kayole itamlipa kwa fedha gani? Muuzaji wa kwanza amekueleza nusu ya habari. Mimi ningedai kiwango kwanza.

Wakili Mstaafu
Uliza pia kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila idhini. MP3, umbizo la faili za sauti, ilikuwa kiwango kilichochapishwa, lakini kwa sababu ya hataza wasambazaji kadhaa wa Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria, waliiacha nje kwa miaka mingi. Kiwango kinachotozwa ada kwa kila nakala hakiendani na programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuinakili.

Mtunza Rekodi, Kayole
Ahsanteni sana. Je, nikiandika tu kwamba programu ifuate FHIR, kiwango huria cha kubadilishana data za afya, inatosha?

Daktari wa Data
Haitoshi, ndugu yangu. Taja toleo, kwa mfano R4, na utaje rekodi zinazohusika: mgonjwa, ziara, vipimo, dawa. KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya programu nyingine ya aina hiyo iitwayo OpenMRS, na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara ya Afya imeutumia tangu 2011, zote ni za chanzo huria, na bado haziwezi kupashana habari bila makubaliano ya namna hiyo. Kisha weka sharti kwamba, kabla ya malipo ya kwanza, muuzaji ahamishe wagonjwa wa kubuni kutoka programu yake hadi nyingine mtakayoichagua ninyi, mkiwa mmeketi naye hapo hapo. Atakayeomba udhuru, mwondoeni kwenye orodha, msimbo wake uwe huria au usiwe.