Jetipaki ya kwendea kazini: mtu wa Umalila aweke matumaini?

MkungaMlimani:

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, swali langu ni la kweli kabisa.

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati moja huku Umalila, Mbeya Vijijini. Naishi Mbalizi kwa sababu zahanati haina nyumba ya mtumishi, na chumba cha kupanga kijijini ni cha kubahatisha. Natoka saa 11 alfajiri kwa pikipiki yangu, kilomita 24, karibu zote za kupanda. Kiangazi natumia dakika 50 na vumbi langu. Masika ni habari nyingine. Mafuso yanashuka na lumbesa za viazi, yanachimba mifereji miwili katikati ya barabara, mvua inaijaza. Udongo wa kule ukilowa unajaa chini ya digadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Unashuka, unachokonoa kwa kijiti, unasukuma, unapanda, mita mia mbili mbele unashuka tena.

Mwezi Machi nilipigiwa simu saa 4 usiku. Mwenzangu alikuwa peke yake zamu, mama amejifungua lakini damu haikati. Alishamchoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, dripu inakwenda, anamkanda tumbo huku simu kaibana kwa bega. Alikuwa anaomba mtu wa pili tu. Nilifika saa 6 na dakika 20 za usiku, nimeanguka mara mbili njiani. Yule mama yupo, juzi nimemwona gulioni anauza maharage na mtoto mgongoni. Lakini nilipoingia ile usiku, mwenzangu alishindwa kukunjua vidole. Alikuwa amekandamiza muda wote huo bila kuachia, maana kila alipoachia damu ilirudi.

Sasa mdogo wangu kanionyesha video ya Uingereza. Septemba 2020, watu wa helikopta za wagonjwa wa kaskazini mwa nchi ile walifanya jaribio na Richard Browning, mwenye kampuni ya Gravity Industries, kwenye milima ya Lake District. Kavaa injini ndogo za jeti, mbili kila mkono na moja mgongoni, akapaa kufuata mteremko hadi kwa mgonjwa wa mazoezi. Alitumia sekunde 90. Kwa miguu ilikadiriwa dakika 25. Niliitazama mara nne. Milima yenyewe ukiiangalia utadhani ni huku kwetu juu, nyasi na mawe na ukungu pembeni.

Nimepima kwenye ramani ya simu: kutoka kwangu hadi zahanati, ukienda kama kunguru, ni kilomita 11.

Naomba mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu. Hizi jetipaki zitafika lini kwa mtu wa kawaida anayekwenda kazini? Na zikifika, zitaiweza milima hii?

---

FundiSoweto:

Dada, pole sana kwa kazi, na huyo mwenzako mpe pole yangu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Soweto, Mbeya mjini, mwaka wa 16 sasa. Injini ni injini, kwa hiyo nimekaa na kalamu baada ya kufunga banda. Nisahihisheni nikikosea.

Hizi za jeti zinakunywa karibu lita 4 za mafuta kwa dakika. Si kwa saa, kwa dakika. Mafuta yenyewe ni ya ndege, ndugu wa mafuta ya taa. Kilomita zako 11 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika 8 na kidogo, yaani lita 33 hivi. Ukikadiria lita moja shilingi 3,000, ni kama 99,000 kwenda tu. Pikipiki yako kwa njia hiyo haimalizi hata lita moja.

Hela tuiache, maana mtu anakufa. Tuangalie uzito. Lita 33 ni kilo 26 hivi. Kifaa chenyewe tuseme 27. Wewe sikujui, nakuweka 65. Jumla 118, na bado mkoba wa dawa. Jetipaki haina bawa. Ndege ikiwa hewani, bawa linabeba na injini inasukuma mbele tu. Hapa injini ndiyo inakubeba wewe, kilo zote 118, kila sekunde, kuanzia unanyanyuka mpaka unagusa chini. Ndiyo maana inakunywa vile.

Halafu kuna jambo ambalo wa Dar hawalijui ila sisi tunalijua. Hewa ya huku ni nyepesi. Ukifika mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenu Umalila mnapita hapo, hewa imepungua karibu asilimia 18. Naletewa pikipiki za kabureta kutoka Dar kila wiki, mwenyewe analalamika mlimani haina nguvu. Nafungua plagi, nyeusi tii. Mafuta yaleyale, hewa imepungua, moto hauungui vizuri. Jeti nayo inaishi kwa hewa hiyohiyo: inavuta mbele, inasukuma nyuma. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo unashuka kwa kadiri hiyohiyo. Kinachomnyanyua mtu Brighton, ufukweni kule Uingereza, huku juu kitamwinua kwa shida au kisimwinue kabisa. Milima ya Lake District hata kilele chake kirefu hakifiki mita 1,000. Sisi Mbeya mjini tunaamka tukiwa kwenye 1,700.

Naumia kukuandikia hivi, dada yangu. Lakini umesema tukujibu kama ndugu.

---

Mitambo_Iyunga:

Shikamoo dada, shikamoo fundi. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu hapa Iyunga. Fundi hesabu zako ziko sawa, nimezirudia. Ila naomba tusifunge mlango.

Tarehe 20 Aprili 1961 Marekani, Harold Graham aliruka na mkanda wa roketi wa kampuni ya Bell bila kamba ya kumshikilia. Alikaa hewani sekunde 13 na kwenda mita 34. Basi. Ulikuwa unatumia haidrojeni peroksaidi inayogeuka mvuke wa moto, na ulibeba mafuta ya sekunde 21 tu. Mwaka 1984 kwenye ufunguzi wa Olimpiki Los Angeles, dunia nzima ikamwona Bill Suitor akiruka uwanjani, na bado ilikuwa sekunde zilezile. Miaka 23 imepita, sekunde hazijaongezeka!

Halafu zikaja injini ndogo za jeti. Novemba 2015 David Mayman akazunguka Sanamu ya Uhuru kule New York. Tarehe 4 Agosti 2019 Franky Zapata akavuka mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, kilomita kama 35, kwa dakika 22 hivi, amesimama juu ya ubao. Siku chache kabla alijaribu akaanguka majini kwenye kuongeza mafuta, akatengeneza, akarudi. Kutoka mita 34 hadi kilomita 35!

Ninachokiona mimi ni kwamba tatizo halijawahi kuwa kuruka. Tatizo ni kubeba. Zapata mwenyewe ilibidi atue kwenye boti katikati ya safari akajaze. Kampuni ya Martin ya New Zealand ilikwepa jeti, ikaweka injini ya petroli na feni mbili kubwa ili ikae hewani dakika nyingi zaidi, ikapata sifa, kisha ikafungwa bila mtu wa kawaida kwenda nayo kazini. Yeyote atakayepata njia ya kuhifadhi nguvu nyingi kwenye kilo chache, huyo ndiye atakayemfikisha dada Umalila. Mimi nataka niwe mmoja wa wanaoitafuta, nasema kwa moyo wote.

---

Mwl_Isongole:

Nimefundisha shule ya msingi upande huu wa Rungwe kwa miaka mingi. Sijui injini, ila najua ukungu.

Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kati ya Machi na Mei kuna asubuhi natoka nyumbani siwezi kuona mlingoti wa bendera hadi niukaribie kuugusa. Wanafunzi nawatambua kwa sauti. Malori ya ndizi yanapita yamewasha taa saa 3 asubuhi. Anayeruka na kile kitu anatumia macho yake mawili. Hana rubani msaidizi, hana mtu wa kumwongoza kutoka chini. Mbele yake kuna nyaya za umeme, mikaratusi, na mlima ambao haumsubiri.

Na mkunga wetu alipigiwa simu saa 4 usiku, mwezi Machi. Siku unayoihitaji sana ndiyo siku ambayo haipai. Hilo limenikaa kifuani tangu nilipousoma uzi huu.

Kingine, urefu wenyewe wa kuruka. Ukiwa mita 20 au 30 juu na injini ikazimika, parashuti haina nafasi ya kufunguka, na kuanguka ni kule kwa kuvunjika. Ndiyo maana huyo Mwingereza anaruka karibu sana na ardhi au juu ya maji. Sasa mwambie aruke karibu na ardhi ya Umalila, gizani.

---

Mhehe_wa_Kalenga:

Poleni wote. Dada, kwa nini kibebwe kiumbe mzima? Mwaka 2018 droni ya Wingcopter ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Ina bawa, kwa hiyo lile tatizo la fundi halipo. Damu na dawa zikifika zenyewe, wewe lala Mbalizi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinahitajika, lakini kwa kazi ya afya naamini kinaombeka.

---

MkungaMlimani:

Nimesoma yote, nimesoma tena. Asanteni kuliko ninavyoweza kuandika.

Kaka wa Kalenga, droni naitaka, na ikija nitakuwa wa kwanza kufyeka uwanja wa kutulia. Lakini usiku ule dawa ilikuwepo. Oksitosini ilikuwepo, maji ya dripu yalikuwepo. Kilichokosekana ni mikono. Kuna kazi moja ya kukandamiza kizazi, ngumi moja ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, huachii mpaka kikaze. Anayefanya hivyo hawezi kubadilisha dripu, hawezi kupima presha, hawezi kupiga simu ya gari. Ndiyo maana ile video ilinishika. Kila mtu anayetumwa video ya jetipaki anaona mtu anapaa. Mimi niliona mhudumu anafika na mikono yake miwili.

Mwalimu, umenigusa. Nimehesabu kwenye daftari langu: tangu Januari nimeitwa usiku mara 9. Mara 7 kati ya hizo ilikuwa mvua au ukungu. Kwa hiyo hata ningepewa bure, ningeruka mara mbili.

Mdogo wangu wa Iyunga, soma. Soma sana. Na ukifika mahali pa kuchagua kazi ya kufanya, ukumbuke wapo watu wanaoishi kwenye hewa nyepesi. Wanaotengeneza hivi vitu wanavijaribu ufukweni.

Fundi, hesabu yako ya kilo 118 nimemwonyesha mume wangu. Kwa kweli niko 71.

Sasa niseme lililo moyoni. Nilikuwa nawaza namna ya kuzifuta zile kilomita 24. Baada ya kuwasoma naona kilomita hizo zipo kwa sababu nalala Mbalizi. Kijiji kilianza nyumba ya mtumishi, vyumba viwili na sebule. Tofali walichoma wenyewe, mawe ya msingi kina mama walibeba kichwani, na mimi nilibeba. Kuta zimefika lenta mwaka jana, zikanyeshewa masika yote. Mbao zipo, wamechangia miti ya mipaina. Zimebaki bati 45 za geji 28 na misumari. Mwenyekiti anasema bati 20 zimeshalipiwa duka moja Mbalizi ila hakuna gari la kuzipandisha, kila anayeulizwa anataja bei ya masika.

Fundi, wakati tunangoja hayo, pikipiki yangu unaweza kuifanyia nini isigome kwenye tope?

---

FundiSoweto:

Leta Jumamosi. Digadi ya mbele naipandisha juu kabisa, ile ya chini natoa, tope lisipate pa kukaa. Tairi zako naamini ni za lami, tunaweka za kashata kubwa. Sproketi ya nyuma nakuongezea meno mawili au matatu, utapoteza mwendo tambarare lakini mlimani haitakufa. Kabureta naipima hapohapo, na huko kwenu juu utarudi kunieleza plagi ina rangi gani. Ufundi sitaki hela. Utanunua vifaa tu.

Kuhusu bati. Wateja wangu wawili ni madereva wa mafuso ya viazi ya Umalila, hayahaya uliyoyalaumu. Yanashuka na mzigo Alhamisi, Ijumaa yanapanda matupu. Nimeshampigia mmoja muda huu. Anauliza duka liko upande gani wa stendi, na kama kuna watu wa kushusha akifika jioni.

---

MkungaMlimani:

Upande wa kushoto ukitokea Mbeya, mlango wa bluu, jirani na mashine ya kusaga. Mwambie watu watakuwepo. Nitakuwepo na mimi.