Ushauri: nataka kugombea udiwani, niseme ukweli kuhusu kingo za mto au nisubiri nishinde?

Jembe la Alfajiri

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni mkulima, sina kazi nyingine. Vijana na kina mama wa kwetu wameniomba nigombee udiwani, na sababu yao ni shamba langu. Miaka sita iliyopita lilikuwa na korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki. Nikatengeneza fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, kwa miti mitatu, kamba na jiwe, nikapima makinga maji, nikapanda vetiva, majani ya kushika udongo, juu ya matuta na kuacha kuchoma mabua. Leo korongo limejaa udongo, nalima juu yake.

Ninachotaka kusimamia ni udongo na maji. Shida ni mto. Watu wanalima mpaka ukingoni kabisa. Mvua ikinyesha maji yanapita rangi ya tofali, kiangazi vinabaki vidimbwi. Huwezi kuuponya mto huo bila kugusa mashamba ya watu, na mmoja wao ni baba yangu mdogo, aliyenilipia ada ya shule. Kamati yangu inasema ninyamaze, nikishinda ndiyo niseme. Nikinyamaza naona nawadanganya. Nikisema, kura za mtoni zimekwenda. Mngefanyaje?

Diwani Mstaafu

Ndugu yangu, kwanza kijue kiti unachokiomba. Diwani hana amri ya kumtoa mtu shambani. Ana kura moja barazani. Anapeleka hoja, anapigania bajeti, anashiriki kutunga sheria ndogo, anauliza maswali mpaka yajibiwe. Nguvu yake nyingine ni watu walio nyuma yake.

Mimi nilipitisha sheria ndogo ya malisho ambayo sikuigusa hata kidogo wakati wa kampeni. Barazani ilipita vizuri. Msimu haukuisha, hakuna aliyekuwa anaifuata, na waliokuja kunifokea mlangoni ni wale wale walionipigia kura. Walikuwa na haki. Sema mapema.

Mkweli Daima

Siasa siyo shamba, kaka. Shinda kwanza. Hata Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, aligombea mwaka 1997 akaanguka, pamoja na miti yote ile.

Binti wa Mtoni

@Mkweli Daima malizia habari basi. Mwaka 2002 aligombea ubunge akashinda kwa kura nyingi mno. Kuanzia 1977, alipoanzisha kazi ya miti na wanawake wa vijijini, ni miaka 25 watu wanajua anasimamia nini. Hakuwaficha kitu.

Sasa nije kwa mtoa mada. Sisi ni miongoni mwa hao wanaolima ukingoni. Tafadhali usituite waharibifu. Tuko pale kwa sababu kiangazi ndiko kwenye unyevu, huko juu ardhi imekauka. Ukija na neno "ondokeni" sikupi kura hata ukiwa kaka yangu wa tumbo moja. Ukija kusema ukingo tupande majani ya mifugo, tukate wenyewe, tuuze wenyewe, na huko juu tusaidiane kuchimba bwawa la kuvuna maji ya mvua, nitakaa nikusikilize mpaka mwisho.

Halafu pima. Sheria za nchi nyingi zinataja idadi ya mita kutoka mtoni. Soma ya kwenu, chukua kamba, upime mbele ya mwenye shamba. Mtu akiona kwa macho yake kwamba ni safu kadhaa tu za mazao, atakaa mzungumze. Akisikia kwa jirani kwamba shamba lote linachukuliwa, umeshampoteza.

Msomaji wa Usiku

Naongezea kwa Binti. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja maji ya kumwagilia, malisho, misitu na uvuvi. Pale utaratibu ulipodumu, watumiaji wenyewe walishiriki kutunga kanuni, wakaangaliana wenyewe, na adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa ndogo. Kwa hiyo usiahidi sheria uliyoiandika peke yako. Ahidi kikao cha wanaotumia mto, na useme utakileta lini.

Mama Mboji

Punguza hilo neno "uendelevu" mwanangu. Watu watapiga makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wapeleke wakalione korongo lililojaa. Na nani atakulimia siku za vikao? Shamba likirudia magugu, kampeni imekwisha.

Jembe la Alfajiri

Asanteni sana. Mdogo wangu atashika shamba, Mama Mboji, tumeshakubaliana.

Jana jioni nilikwenda kwa baba mdogo na kamba. Nilidhani atanifukuza. Alishika ncha moja, mimi nyingine, tukapima kimya kimya. Kisha akanionyesha kisiki kilichosimama katikati ya maji. Ni mti ambao babu aliupanda kama mpaka wa shamba, wakati huo ukiwa nchi kavu. Mto umekula kuanzia pale hadi tuliposimama.

Hakusema atanipigia kura. Aliuliza majani yatakuwa ya nani, nikamwambia yako, baba. Akasema Jumapili nije tuwafuate majirani zake watatu, ila mazungumzo niyaanzishe mimi.

Kamati nimeiambia kwamba nitasema. Wawili wamejitoa, na imeniuma. Mkutano wa kwanza nitaufanyia pale penye kisiki. Sasa nisaidieni: majani gani yanashika ukingo unaofurika na ng'ombe bado wanayala?

Diwani Mstaafu

Matete huku chini, yanapenda maji na mifugo inayapenda. Vetiva weka mstari wa juu. Mizizi yake inashuka mita 2 na zaidi, ila ng'ombe hula yakiwa machanga tu. Anza kuotesha miche sasa, usisubiri matokeo ya kura.